Msukumo na Akiba: Kuichagulia Feni Chaja Yake

Karibu kila nyumba ya mjini kwetu ina mfuko, ndoo au sanduku la chaja yatima. Simu iliyokuja na chaja ile iliibwa zamani, redio ilikufa, modemu ilikwisha kutupwa, chaja imebaki. Hakuna ajuaye ni ya kitu gani, wala hakuna athubutuye kuitupa, maana huenda siku moja ikafaa. Siku hiyo inapofika, mara nyingi chaja huchaguliwa kwa swali moja tu: je, ncha yake yaingia katika tundu? Ikiingia, huunganishwa. Isipoingia, hukatwa, nyaya huvuliwa ganda na kufungwa kwa utepe, na kila mtu husogea nyuma kidogo kuona kitakachotokea.

Mwezi huu naomba tutafakari juu ya kifaa kidogo ambacho wengi wenu mmeshakishika: feni iliyotolewa katika kompyuta mbovu, pamoja na chaja ya kuizungusha. Vijana wanaitumia kupoza amplifaya ya kwaya, kuvuvia makala katika mbabula, kupitisha hewa katika chumba cha vifaranga. Ni jambo jema kuona kitu kilichokuwa takataka kikirudi kazini. Lakini nimeona tena na tena watu wenye akili timamu wakiiogopa namba isiyodhuru, na papo hapo wakiidharau namba inayounguza. Hofu hiyo na dharau hiyo hutoka katika mzizi mmoja. Nitaeleza zilivyojitokeza mezani petu, siku ambayo riziki ya nyumba moja ilitegemea uchaguzi wa chaja.

Kwetu Uvira ndagala huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na alfajiri akina mama huwanunua ufukweni kwa beseni ili wawaanike. Wakati wa kiangazi jua hufanya kazi yake bila kuombwa. Lakini mvua zinapoanza mwezi wa kumi na kuendelea hadi wa tano, zipo siku ambazo samaki hulala wakiwa na unyevu; kesho yake harufu imebadilika, rangi imebadilika, bei imeanguka. Mama mmoja wa shirika letu, mjane, alikuwa amekopa mtaji wa kununulia samaki. Mvua za juma moja zilimwachia deni bila bidhaa, na deni hilo lilikuwa na tarehe.

Binti yake yumo katika kikundi chetu cha vijana. Yeye na wenzake walijenga sanduku la kukaushia. Sehemu ya mbele imelazwa kuelekea jua: ndani yake kuna bati lililopakwa rangi nyeusi, na juu yake plastiki angavu. Hewa huingia hapo, hupata joto, kisha hupanda katika kabati la mbao lenye nyavu ambazo samaki hulazwa juu yake. Walipolijaribu, joto lilipatikana, lakini plastiki ilijaa matone upande wa ndani. Hewa ilikuwa imeshiba maji na haikuwa na pa kwenda. Ndipo wakafikiri juu ya feni, nao walifikiri vema. Feni haiumbi jua. Kazi yake ni kuondoa hewa iliyoshiba ili nyingine, yenye kiu, ishike nafasi yake.

Kompyuta tatu zilizokufa zilitoa feni tatu. Fundi wa redio wa mtaani alitukopesha multimeta yake, yaani kile chombo cha kupimia umeme. Vijana wakamwaga mezani mfuko wa chaja, wakaniuliza, “Mwalimu, tuchukue ipi?”

Niliposomea ualimu tulizoezwa kutompa mwanafunzi jibu ambalo macho yake mwenyewe yaweza kulisoma. Nikawaambia, “Wanangu, feni imeandikwa mgongoni chakula chake. Anzeni hapo.”

Katikati ya mgongo wa feni pana karatasi ya mviringo. Ya kwanza ilisomeka DC 12V 0.18A, ya pili, DC 12V 0.15A, ya tatu, iliyokuwa nene kuliko wenzake, DC 12V 0.30A. Herufi DC zatuambia aina ya umeme: mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, kama ule wa betri. Umeme wa ukutani ni wa aina nyingine, mkondo geu, ambao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Herufi V ni volti, kwa kumbukumbu ya Mwitalia Alessandro Volta, aliyeitangaza betri ya kwanza mwaka 1800. Herufi A ni ampea, kwa kumbukumbu ya Mfaransa André-Marie Ampère, mtaalamu wa hisabati na fizikia, ambaye naye alikuwa mwalimu.

Ili kuzielewa namba hizo, fikirini tangi la maji lililo juu ya kilima, na bomba linaloshuka hadi uani kwenu. Kadiri tangi linavyowekwa juu zaidi, ndivyo maji yanavyosukuma kwa nguvu zaidi yanapofika kwenye bomba. Kimo hicho ndicho volti. Maji yanayopita bombani kila dakika ndiyo ampea. Sasa angalieni vizuri: tangi dogo na tangi kubwa yakiwekwa kwenye kimo kimoja, husukuma sawasawa. Ukubwa wa tangi haumlazimishi mwenye kikombe kunywa zaidi. Unachomwambia ni kwamba, wakija majirani kumi na vikombe vyao, maji yatatosha. Lakini ukilipandisha tangi mara mbili juu ya kimo chake, hata likiwa dogo, laweza kupasua bomba lililotengenezwa kwa msukumo wa chini.

Tukazigeukia chaja. Nazo zina maandishi, ila zina namba nyingi zaidi, na kijana asiyezoea husoma mstari usiofaa. Mstari wenye neno INPUT hueleza umeme unaoingia kutoka ukutani, kwa kawaida volti 100 hadi 240. Mstari tunaoutafuta ni ule wa OUTPUT, au SORTIE katika Kifaransa, unaotaja umeme unaotoka. Hapo pia huonekana alama ndogo: mstari mnyoofu wenye vistari vilivyokatika chini yake ni mkondo mnyoofu, kiwimbi ni mkondo geu. Na mkiona mA, basi ni sehemu za elfu za ampea: 500 mA ni nusu ampea.

Chaja ya kwanza iliyoinuliwa ilikuwa kubwa na nyeusi, ya kompyuta ya mkononi. Kijana mmoja mwenye mikono hodari alisema, “Mwalimu, hii ndiyo yenye nguvu.” Iliandikwa 19V 3.42A. Alivutiwa na unene wa waya na uzito wake. Nilimwomba asome tena namba iliyo mbele ya herufi V, kisha ailinganishe na ile ya feni. Kumi na tisa dhidi ya kumi na mbili: msukumo umezidi kwa zaidi ya nusu. Feni ikipewa volti 19 huwa haigomi mara moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Hukimbia, hulia, huvuma vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na wote hupiga makofi. Wakati huohuo, ndani ya kitovu chake, nyaya nyembamba zilizoviringishwa na chipu ndogo inayoziamuru hupata joto lisilokusudiwa. Katika mtaa wa jirani, mtu mmoja alipoza amplifaya yake kwa njia hiyo. Feni ilivuma jioni mbili, siku ya tatu ikasimama kwa harufu ya plastiki iliyoungua, na amplifaya iliyokuwa ikitegemea hewa yake ikapikika bila mtu kujua. Chaja ile ya kompyuta tuliiweka kando.

Ya pili ilikuwa ya simu: volti 5. Hii haiunguzi feni ya volti 12, lakini huiacha na njaa. Feni nyingine huzunguka polepole, nyingine hutikisika tu bila kuanza, kwa maana kuanza kunataka nguvu kuliko kuendelea. Ya tatu ilikuwa ya volti 9. Feni nyingi za aina hii huikubali. Huzunguka taratibu na kwa kimya zaidi, na hufaa mahali ambapo upepo kidogo watosha. Kwa ndagala wetu haukutosha.

Ya nne ilitufundisha kutoshangilia mapema. Iliandikwa 12V, na binti mmoja aliipaaza sauti kwa furaha. Lakini mbele ya namba palikuwa na kiwimbi: volti 12 za mkondo geu. Feni yenye maandishi DC haitengenezwi kwa umeme wa kwenda na kurudi. Namba ilikuwa sahihi, aina haikuwa sahihi. Tukaiweka kando nayo.

Ya tano ilikuwa nzito kama jiwe, ya zamani, yenye kiini cha chuma ndani yake: 12V 500mA, mkondo mnyoofu. Tuliichomeka ukutani bila kuifunga na kitu chochote, tukaipima. Multimeta ilionyesha zaidi ya volti 16. Vijana walidhani chombo cha fundi kimeharibika. La. Chaja nyingi za kale hazina kidhibiti ndani yake. Volti zilizoandikwa hupatikana tu zinapobeba mzigo wake kamili. Zikibeba mzigo mdogo, volti hupanda. Kwa hiyo maandishi pekee hayatoshi kwa chaja za aina hiyo, sharti kupima. Zaidi ya hayo, nusu ampea ilikuwa pungufu kwa hesabu yetu, kama nitakavyoonyesha.

Ya sita ilikuwa nyepesi, ya modemu fulani iliyokwisha kufa: 12V 1A, mkondo mnyoofu. Tulipoipima ilionyesha volti 12.1. Hapo ndipo yule kijana wa mikono hodari, aliyekuwa tayari kuifunga feni kwenye volti 19, alirudi nyuma. “Mwalimu, feni yataka 0.18, na hii inatoa 1. Ni zaidi ya mara tano. Si itaiunguza?” Wenzake wengi walitikisa vichwa kumwunga mkono.

Wapendwa vijana, hiyo ndiyo hofu niliyoitaja mwanzoni. Mtu yuleyule aliikumbatia namba ya hatari na kuikimbia namba ya usalama, naye si mpumbavu. Katika hesabu ni miongoni mwa wanaoongoza. Alikosa swali moja tu: kati ya namba hizi mbili, ni nani anayeiamua kila moja? Volti huamuliwa na mtoaji. Chaja ya 19 itasukuma 19, feni ipende isipende. Ampea huamuliwa na mpokeaji. Chaja ya ampea 1 haisukumi ampea 1 ndani ya feni. Inatangaza kwamba ina uwezo wa kutoa hadi ampea 1 bila kuchoka. Feni ya 0.18 itachota 0.18 yake, na salio litakaa katika chaja bila kumdhuru mtu. Hata chaja ya 12V 5A ingeizungusha feni yetu kwa namna ileile.

Kwa hiyo kanuni yaweza kuandikwa kwa sentensi mbili. Volti zilingane. Ampea za chaja ziwe sawa na jumla ya zile za feni au zaidi, wala zisipungue.

Tukafanya jumla ubaoni: 0.18 na 0.15 na 0.30 ni 0.63. Chaja ya nusu ampea ingezidiwa. Chaja iliyozidiwa hupata joto, volti zake hushuka, nyingine hujizima na kuwaka tena bila kukoma, na zile za bei ya chini kabisa huweza kuyeyuka. Kumbukeni mahali ilipokusudiwa kuwekwa: kando ya kabati la mbao kavu, usiku, wenye nyumba wakiwa wamelala. Chaja ya ampea 1 ilikuwa na nafasi ya kutosha, pamoja na ile ziada ambayo feni huitaka kwa nukta chache zinapoanza kuzunguka. Anayetaka kujua nguvu kamili azidishe volti kwa ampea: 12 mara 0.63 ni wati 7.56, chini ya taa ndogo ya kizamani.

Hata hivyo naongeza onyo, ili kanuni isigeuzwe kuwa uzembe. Akiba kubwa haimdhuru mpokeaji mzima, lakini humdhuru aliyejeruhiwa. Nyaya mbili zikigusana kwa ajali, akiba yote hutoka kwa mkupuo mmoja. Chaja ndogo iliyotengenezwa vizuri itajizima. Betri ya gari haijizimi, itaufanya waya uwe mwekundu kama kaa la moto. Ndiyo maana, feni zinapotumia betri, huwekwa fyuzi, na ya ampea 1 yatosha kwa feni zetu, karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Baada ya chaja kupatikana ilibaki kazi ya nyaya. Feni zenye nyaya mbili ni rahisi: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Zenye nyaya tatu kwa kawaida huongeza wa njano, ambao haubebi chakula. Hupeleka kwenye kompyuta habari za mwendo wa feni. Zenye nyaya nne mara nyingi huwa na nyeusi, njano, kijani na buluu, na hapo wa njano ndio chanya! Rangi moja, kazi mbili. Aliyekariri rangi atapotea. Afadhali kuangalia mpangilio wa soketi: waya wa kwanza ukingoni, ulio mweusi, ni hasi, wa pili ni chanya ya volti 12, wa tatu hutoa habari, wa nne, ukiwapo, hupokea amri ya mwendo. Kwa kazi yetu wa tatu na wa nne huachwa bila kuunganishwa, kila mmoja ukiwa umefunikwa ncha yake, na feni huzunguka kwa mwendo wake kamili.

Upande wa chaja, mchoro mdogo wa nukta ndani ya duara huonyesha ikiwa chanya iko katikati ya ncha au pembeni. Tuliuthibitisha kwa multimeta kabla ya kukata chochote. Feni ikifungwa kinyume, nyingi hukaa kimya tu. Lakini si zote zilizo na kinga, na nyingine hufa hapohapo. Kisha feni zote tatu ziliunganishwa sambamba: chanya zote pamoja, hasi zote pamoja, ili kila moja ipate volti 12 zake. Zikipangwa kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, zingegawana volti hizo na hakuna ambayo ingeshiba.

Tuliziweka feni mahali hewa inapoingilia, si pale inapotokea, kwa kuwa hewa inayotoka imebeba maji na mafuta ya samaki, navyo huua mota upesi. Chaja tuliiweka nje ya sanduku, juu ya tofali, mbali na nyasi na mbao, mahali pasipofikiwa na matone. Nikawakataza vijana mambo mawili kwa ukali kidogo: kuifungua chaja kwa bisibisi, na kuigusa kwa mikono iliyolowa maji ya samaki. Upande wa volti 12 hautamwua mtu kwa mshtuko; upande wa ukutani una volti 220, nao haujui mtoto wala mzee.

Kwa nusu saa ya kwanza hakuna aliyeondoka. Tulisikiliza kama kuna mlio wa kukwaruza, tukanusa, tukaigusa chaja kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa vuguvugu, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa. Multimeta ilionyesha volti 12.0 feni zote tatu zikizunguka. Yule mjane, aliyekuwa ameketi mlangoni muda wote bila kusema neno, aliniuliza, “Mwalimu, naweza kulala?” Nikamjibu, “Unaweza kulala, mama.” Sikumjibu kwa moyo mwema tu; nilikuwa na namba za kunisimamia.

Umeme wa mji hukatika, kwa hiyo baadaye vijana waliongeza betri ndogo ya volti 12, ampea-saa 7. Gawanyeni 7 kwa 0.63, mtapata saa 11 na dakika chache. Hayo ni ya karatasini. Betri ya risasi ikimalizwa kabisa mara kwa mara hufa mapema, basi hesabuni nusu, saa tano hivi. Atakayetaka kutumia nguvu ya jua asiifunge feni moja kwa moja kwenye paneli inayoitwa ya volti 12: paneli hiyo, isipobeba mzigo, huweza kutoa volti 21 au 22 jua likiwa kali. Ipitie kidhibiti cha chaji na betri. Tena betri yenyewe inapochajiwa hupanda hadi karibu 14.4, kwa kazi ya kutwa nzima ni afadhali kuweka katikati kigeuzi kidogo kinachoshikilia volti 12. Na mwenye betri mbili za lori zinazotoa volti 24 asijidanganye kwamba atazigawa kwa feni mbili, anunue kigeuzi.

Je, sanduku liliwaokoa ndagala wote? La. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, hakuna hewa yenye kiu duniani, na mama yule huwageuza samaki wake kuwa wa kubanika kwa moshi. Lakini siku za mawingu, zilizokuwa za hasara, zimekuwa siku za kazi. Tarehe ya deni ilipofika alilipa nusu, akapewa mwezi mwingine, akamaliza.

Nikiwa mtu wa ualimu siwezi kuuacha mzizi niliouahidi. Tumezoea kupima nguvu kwa ukubwa: waya mnene, chaja nzito, sauti kubwa. Hatuulizi ni nani anayeamua. Wengi wenu mnawafundisha watoto, au mnaongoza wadogo zenu katika vikundi. Kiongozi naye ana namba mbili. Kuna msukumo anaoutia, ambao mtoto hana uwezo wa kuukataa: sauti, ukali, haraka, kazi iliyopita umri wake. Huo sharti ulingane na mtoto. Halafu kuna akiba aliyo nayo: maarifa, muda, uvumilivu, tayari kujibu swali la kumi. Hiyo haizidi kamwe, kwa maana mtoto huchota kadiri ya kikombe chake na kinachobaki hakimlemei. Mara nyingi tunafanya kinyume: twaja na msukumo mwingi na akiba kidogo. Mtoto hukimbia kwa nguvu siku mbili, nasi twapiga makofi. Siku ya tatu amenyamaza, nasi twasema ni mvivu.

Kwa mkutano wa kikundi chenu, napendekeza kazi hii. Kila mmoja alete chaja zote za nyumbani kwao na kifaa kimoja kinachozitumia. Someni mstari wa OUTPUT wa kila chaja na karatasi ya kila kifaa, mziandike ubaoni safu mbili: volti na ampea. Kisha ulizaneni: ni zipi zinazolingana kwa volti? Kati ya hizo, ni zipi zenye akiba ya kutosha? Ni chaja gani tulizokuwa tukizitumia kwa sababu tu ncha yake iliingia? Zile ambazo maandishi yake yamefutika zipelekeni kwa fundi mwenye multimeta. Zilizovimba, zilizopasuka au zenye harufu ya kuungua zisirudi nyumbani. Nyingine zote zibandikeni kipande cha utepe na mwandike kwa kalamu isiyofutika jina la kifaa, volti na ampea. Mama zenu na wadogo zenu watakaposhika chaja hizo gizani, umeme ukiwa umerudi ghafla na kila mtu ana haraka, watasoma.